Nani Atamsemea Mzee?



Sisi tunaozungumza nanyi leo ni wanakijiji kama ninyi. Tunalima korosho, ufuta na muhogo kama ninyi. Wengi wetu tumejua kusoma na kuandika tukiwa watu wazima. Tumekuja kuzungumza habari ya wazee wetu. Lakini si wazee wote. Tutazungumza habari ya wazee ambao hawawezi tena kujitunza wenyewe, na ambao watatunzwa na watu wengine mpaka mwisho wa maisha yao.

Mzee wa namna hiyo ana shida mbili. Shida ya kwanza tunaijua sote: anahitaji chakula, maji, dawa na mtu wa kumwogesha. Shida ya pili hatuizungumzi sana. Akitendewa vibaya, nani atamsemea?

WAZEE NI NANI?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kuwa mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61 na laki 7. Katika kila watu 100, karibu 6 walikuwa wazee. Jumla yao ilikuwa karibu milioni 3 na nusu.

Hao ndio waliojenga nchi. Hapa kwetu, wazee wa miaka 80 na zaidi waliiona reli ya karanga iliyotoka Mtwara mpaka Nachingwea, kabla haijang'olewa miaka ya 1960. Wengine waliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji walipoweka kambi Nachingwea. Ndio walioipanda mikorosho tunayookota leo.

Zamani mzee alizungukwa na watoto na wajukuu. Siku hizi vijana wengi wamekwenda Dar es Salaam, Mtwara na miji mingine kutafuta kazi. Nyumbani amebaki bibi na wajukuu wadogo. Bibi akianguka na kuvunjika nyonga, nani atamgeuza kitandani? Mjukuu wa darasa la pili?

MATUNZO YA MUDA MREFU

Kuna ugonjwa wa siku tatu, na kuna hali ya miaka mitatu. Mtu mwenye malaria hutunzwa siku chache, akapona. Lakini mzee aliyepooza, aliyepofuka au aliyepoteza kumbukumbu atatunzwa kila siku. Atalishwa. Ataogeshwa. Atapelekwa chooni. Kama hawezi kujigeuza, ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Asipogeuzwa, ngozi ya mgongoni na kiunoni huoza, na kidonda hicho kinaweza kumuua.

Kazi hiyo ni nzito. Inafanywa mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni nyumbani. Huko ndiko waliko wazee walio wengi. Sera ya mwaka 2003 yenyewe ilisema familia ndiyo mtunzaji wa kwanza wa mzee, na makazi ya wazee yawe njia ya mwisho.

Mahali pa pili ni makazi ya wazee. Serikali ina makazi ya namna hiyo katika mikoa mbalimbali, kama vile Nunge kule Kigamboni, Kolandoto kule Shinyanga na Fungafunga kule Morogoro. Zanzibar wapo wazee wa Sebleni na Welezo. Yako pia makazi yanayoendeshwa na mashirika ya dini na watu binafsi. Baadhi ya makazi ya zamani yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa walipona, lakini hawakuwa na pa kurudi. Ndugu waliwaogopa au walikuwa wamekwisha kufa. Basi wakabaki palepale, wakazeeka. Baadaye wakaja wazee wengine wasio na ndugu.

KWA NINI MZEE ANANYAMAZA?

Sasa tusikilizane vizuri hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mtu mzima akidhulumiwa sokoni, atapiga kelele. Atakwenda kwa mwenyekiti. Atakwenda polisi. Mzee aliyelala kitandani hawezi kwenda popote. Tena yule aliyemdhulumu ndiye yuleyule atakayemletea uji kesho asubuhi. Akimshitaki leo, kesho atalala na njaa. Akisema blanketi lake limechukuliwa, nani atamfunika usiku? Basi anameza maneno yake. Ukimwuliza, "Bibi, hujambo?" atakujibu, "Sijambo, mwanangu." Wewe unaondoka ukifikiri mambo ni mazuri.

Hebu tutaje mambo yanayowapata wazee, tusifichane. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo wanaochukuliwa fedha zao. Mzee amepata ruzuku ya TASAF, au ameuza korosho zake. Kijana anapokea kwa niaba yake, na mzee haoni hata sabuni. Wapo wanaofungiwa ndani tangu asubuhi mpaka jioni. Wapo wanaonyimwa maji ya kunywa ili wasikojoe kitandani. Wapo wanaopigwa. Wapo wanaowekewa alama ya kidole kwenye karatasi za kuuza shamba, nao hawajui kilichoandikwa. Wapo wanaoitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa kuni wa miaka 60.

Lakini tuseme haki. Si kila mtunzaji ni mbaya. Mara nyingi mtunzaji mwenyewe amechoka. Nyumbani ni mama mmoja mwenye shamba, watoto na mgonjwa. Makazini ni mhudumu mmoja mwenye wazee wengi. Mtu aliyechoka hukasirika upesi. Kwa hiyo anayekuja kukagua asije na fimbo tu. Aje pia kuuliza: Ninyi mnaotunza, mmepungukiwa nini?

MJOMBA NI WA NANI?

Kuna jambo jingine la kwetu hasa. Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao tumehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu zamani. Mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ana sauti juu ya wapwa zake.

Desturi hiyo ilikuwa na faida. Mzee alikuwa na watoto, tena alikuwa na wapwa. Alitunzwa na pande mbili. Siku hizi pande hizo mbili zinatupiana mzigo. Wapwa wanasema, "Ana watoto wake, wamtunze." Watoto wanasema, "Wakati wa kurithi shamba mnajitokeza ninyi wapwa, basi mtunzeni ninyi." Mzee yuko katikati, anasikiliza yote.

Jambo hili halitaamuliwa na serikali. Litaamuliwa na kikao cha ukoo. Nasi tunasema: kikao hicho kifanyike mzee akiwa bado na akili na nguvu. Kila mtu aseme atafanya nini. Mmoja atatoa chakula, mwingine atatoa fedha ya dawa, mwingine atalala naye. Mnaojua kuandika, andikeni. Mzee mwenyewe asomewe kilichoandikwa, aseme kama anakubali. Mali iliyoandikwa hugombaniwa. Kwa nini kazi ya kutunza isiandikwe?

KAZI MBILI: KUKAGUA NA KUSEMEA

Turudi kwenye swali letu. Ili mzee alindwe, zinahitajika kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kukagua. Mkaguzi anaingia jikoni, anafungua sufuria. Anaingia stoo, anahesabu magunia. Anaangalia choo, godoro na chandarua. Anasoma daftari la dawa. Anauliza wazee wangapi walikufa mwaka huu na kwa sababu gani. Kazi hii ni ya serikali, kwa sababu serikali ndiyo yenye uwezo wa kusema, "Rekebisheni, la sivyo tunafunga."

Kazi ya pili ni kusemea. Msemaji haendi kuhesabu magunia. Anakaa karibu na kitanda, anamsikiliza mzee, mhudumu akiwa mbali. Anamwuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Kisha analifuatilia neno hilo mpaka lijibiwe.

Kwa nini kazi hizi zisifanywe na mtu mmoja tu, yule anayeendesha makazi? Jibu ni rahisi. Mpishi akionja chakula chake mwenyewe, atasema kimekolea chumvi sawasawa. Anayeendesha makazi asiwe ndiye anayejikagua, wala asiwe ndiye pekee anayepokea malalamiko.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelijua jambo hili. Huko Marekani, nyumba za wazee zilikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1972 walianza kujaribu katika majimbo 5. Waliwaweka watu maalumu wa kusikiliza malalamiko ya wazee wanaoishi katika nyumba hizo. Mwaka 1978 sheria ikalitaka kila jimbo liwe na watu hao. Wengi wao ni raia wa kawaida wanaojitolea. Wanafundishwa kwanza, kisha wanatembelea wazee. Na wana kanuni moja kubwa: jina la mzee aliyelalamika halitajwi bila ruhusa yake. Nchi hiyo ni tajiri kuliko yetu, lakini kazi hiyo inaanza na masikio na miguu. Masikio na miguu tunayo.

HAPA KWETU PANA NINI?

Msifikiri kuwa hapa kwetu hapana kitu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuwa na chombo cha kusikiliza malalamiko ya wananchi juu ya viongozi. Chombo hicho kiliitwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Kilianza kazi mwaka 1966. Wajumbe wake walikwenda wilayani kusikiliza wananchi. Mwaka 2001 mahali pake pakachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hiyo inapokea malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi. Haitozi ada. Haihukumu kama mahakama, bali inachunguza, inapatanisha na kupendekeza. Ikibidi, inaweza kwenda mahakamani. Nayo ilifungua tawi Lindi, katika mkoa wetu.

Wako watu wengine pia. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ni pamoja na wazee. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo linashughulikia ukatili wa nyumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wanaowasaidia bure watu wasio na uwezo. Tena yapo mabaraza ya wazee, kuanzia kijiji na kata mpaka wilaya, mkoa na taifa.

Kwa ndugu zetu wa Zanzibar mambo yamekwenda mbele zaidi. Tangu mwezi Aprili 2016, kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi alianza kulipwa pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Baadaye kiasi hicho kiliongezwa. Mwaka 2020 Zanzibar ikatunga sheria ya mambo ya wazee. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkataba wa haki za wazee mwaka 2016.

Sisi wa Bara tumeongozwa na sera kwa miaka mingi. Sera ni jambo zuri. Lakini sera ni nia, na sheria ni kamba. Mtu akivunja nia yako, utamlaumu. Akikata kamba, utamshika. Ndiyo maana wazee wamekuwa wakidai sheria yao kwa miaka mingi. Nasi tunaungana nao.

TUNACHOOMBA KWA SERIKALI

Tunaomba mambo manne.

Kwanza, kila makazi ya wazee, ya serikali na ya binafsi, yakaguliwe bila kupewa taarifa. Mgeni anayetarajiwa hupikiwa kuku. Mkaguzi aje siku ya muhogo.

Pili, matokeo ya ukaguzi yasifungiwe kabatini. Yasomwe kwa sauti mbele ya wazee wenyewe na wanakijiji wa jirani.

Tatu, baraza la wazee lipewe ruhusa ya kuingia makazini wakati wowote wa mchana, na kuzungumza na mzee peke yake.

Nne, afisa ustawi wa jamii apewe chombo cha usafiri na mafuta. Kutoka Nachingwea mjini mpaka Kilimarondo si karibu. Kutoka Ruangwa mjini mpaka Nambilanje si karibu. Afisa asiye na usafiri atakagua meza yake tu.

TUNACHOWEZA KUFANYA SISI

Tusingoje yote yatoke juu. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Tuombe habari za wazee wasiojiweza ziwe katika ajenda. Baraza la wazee la kijiji liwe na daftari. Liandike jina la kila mzee asiyejiweza, nani anamtunza, na siku aliyotembelewa mara ya mwisho.

Wengine watauliza: Je, mambo ya ndani ya nyumba yaingiliwe na watu? Tunajibu hivi. Jirani akiona moshi juu ya paa lako, hangoji ruhusa. Anakuja na ndoo ya maji. Baraza nalo lije kama jirani. Lipige hodi, likae, lisikilize. Likikuta mtunzaji amechoka, limtafutie msaidizi. Likikuta mzee anapigwa, hilo si jambo la ndani tena. Hilo ni kosa, na lipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

Unapomtembelea mzee, usisimame mlangoni. Kaa chini, macho yako yawe sawa na yake. Angalia kama maji ya kunywa yako karibu na mkono wake. Angalia godoro kama limelowa. Omba kuona mgongo wake, kwa heshima, mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume. Mwulize jana alikula nini. Mwulize fedha zake anashika nani. Kisha nyamaza. Wazee husema neno la kweli baada ya kimya.

Ukiona jambo baya, andika. Tulijifunza kuandika ili kalamu itufae. Barua ya malalamiko si lazima iwe na maneno makubwa. Iwe hivi:

Kijiji cha ............
Tarehe ............

Kwa Afisa Ustawi wa Jamii,
Halmashauri ya Wilaya ............

Ndugu,
KUH: MZEE ASIYETUNZWA VIZURI

Sisi ni wajumbe wa baraza la wazee la kijiji hiki. Tarehe ...... tulimtembelea mzee ............ Tuliona kwa macho yetu kuwa ana kidonda kiunoni na hana blanketi. Alituambia kuwa fedha zake anapokea mtu mwingine, naye hapewi. Mzee mwenyewe anaomba atibiwe, na fedha zake zipokewe na binti yake. Amekubali tuandike barua hii. Tunaomba uje umwone kabla ya tarehe ......

Wako,
(Majina na sahihi)

Mmeona? Barua hii ina mambo matano. Ina tarehe. Inaeleza tulichokiona. Inaeleza tulichoambiwa. Inaeleza mzee mwenyewe anataka nini. Na inataja siku ya kujibiwa. Usichanganye ulichokiona na ulichokisikia, maana mkosaji atashika hapo hapo. Weka nakala nyumbani. Siku ikipita bila jibu, peleka nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Jibu lisipopatikana, peleka kwa Tume. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, nawe umwandikie.

Ndugu zetu, jambo hili si la wazee peke yao. Kila mmoja wetu anaomba maisha marefu. Basi tunaomba uzee, maana hakuna njia nyingine ya kuishi siku nyingi. Ipo siku wewe na mimi tutangoja mtu atuletee maji. Siku hiyo tutakuta kilekile tulichokiweka leo: kama tumeweka baraza linalotembelea na mkaguzi anayekuja, tutavikuta. Kama tumeweka kimya, tutakikuta kimya.



MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu wako wazee wangapi wasiojiweza? Nani anawatunza?
2. Kwa nini mzee anayetunzwa huogopa kusema?
3. Kukagua na kusemea kuna tofauti gani?
4. Baraza la wazee la kijiji chenu lilikutana lini mara ya mwisho? Lilizungumza nini?
5. Katika ukoo wenu, watoto na wapwa wanagawanaje kazi ya kumtunza mzee?
6. Andikeni barua moja ya malalamiko kwa kufuata mfano uliotolewa. Someaneni, kisha mwonyeshane makosa.